Jina la Mwenye Nguo

Pi-lan alikuwa na wivu, na sisi tuliokaa naye mtaa mmoja kule Tainan tulilijua hilo, ingawa mwenyewe aliupa majina mengine. Mara aliuita uchovu, mara presha. Mwisho akauita kifua kubana, akaenda nao kwa daktari wa moyo.

Tena haukuwa wivu wa mume. Mume wake, Wen-liang, alikuwa fundi wa mabomba, na tangu apate kile kitambi hakuna mwanamke aliyemtupia jicho, jambo lililompunguzia Pi-lan kazi. Aliyemnyima raha alikuwa Su-chin, mke wa mdogo wake Wen-liang.

Su-chin alikuwa na nini? Swali hilo usimuulize Pi-lan kama una haraka. Alikuwa na nyumba mpya karibu na stesheni, yenye lifti. Alikuwa na kazi ya ofisini, kijana anayesoma Taipei, na sauti laini ya mtu asiyewahi kuita mteja kelele za barabara zikiwa zimemzidi. Akicheka hufunika mdomo. Akiingia kwa mama mkwe na mfuko wa mapera, mama mkwe humpokea mlangoni: "Jamani Su-chin mwanangu, mbona umejisumbua!" Pi-lan akiingia na sufuria nzima ya supu, mikono inaungua, huambiwa, "Weka hapo."

Hayo maneno mawili yalikuwa yamemganda moyoni miaka na miaka.

Pi-lan mwenyewe aliuza chapati za mayai na maziwa ya soya kwenye kona ya kichochoro chetu. Wateja wake walikuwa watu wazima wa kila namna, na kila asubuhi aliwaona wakila wamesimama, jicho moja kwenye simu. Kulikuwa na mwalimu aliyetafuna kucha kabla hajatafuna chapati, kwa sababu ya wazazi wa wanafunzi. Kulikuwa na bwana wa benki aliyeagiza, akalipa, kisha akaondoka bila chakula, akili imeshafika kazini kabla yake. Kulikuwa na mama mmoja aliyempigia simu mtoto wake aliyekaa mji mwingine, na mtoto asipopokea, uso wa mama ulibadilika rangi pale pale. Pi-lan aliwahurumia, akawaongezea mchuzi wa pilipili. Haikumjia kwamba na yeye yumo katika foleni hiyo hiyo.

Yeye akisubiri kikaango kipate moto, alifungua simu kutazama kundi la familia. Su-chin ametuma picha ya maua ya kibarazani. Su-chin ametuma keki. Mama mkwe, ambaye hajui kuandika, ametuma kidole gumba kwa kila moja. Picha ya Pi-lan ya juzi, ya figili alizozikausha mwenyewe juani, haikupata kidole hata kimoja. Hapo ndipo kifua kilipoanza kubana.

Mama mkwe aliwahi kulisifia sweta la Su-chin, la zambarau lenye vifungo kama lulu. "Rangi hii inamkaa Su-chin," alisema, na Pi-lan akaitikia vizuri tu. Wiki ile ile akalitafuta soko zima mpaka akalipata lile lile, saizi ile ile, maana mwili wao ulilingana. Akalivaa siku ya kilele cha baridi, familia ilipokutana kwa mama mkwe kula vitufe vya unga wa mchele kama desturi. Akaingia sebuleni, na nani kasimama pale na sweta la zambarau?

"Mama weee! Dada, leo tumekuwa mapacha!" Su-chin akacheka, mkono mdomoni.

Watu wote wakacheka. Pi-lan naye akacheka, huku roho inamuuma kama kidonda kilichotiwa chumvi. Mapacha! Yaani huyu ananiambia mbele za watu kuwa nimemuiga. Na kweli alikuwa amemuiga, ndiyo maana iliuma hivyo.

Jikoni kukawa na joto, wakavua masweta, wakayatundika kwenye kiti kimoja. Na jioni hiyo, vitufe vikiwa mezani, mama mkwe akasema neno lake.

"Mwaka huu, mkesha wa mwaka mpya tutakula kwa Su-chin. Pi-lan apumzike. Kila siku ameshika kifua."

Ukitaka kujua neno hilo lilivyompiga, fahamu kwamba tangu Pi-lan aolewe, chakula cha mkesha kililiwa kwake, yeye ndiye mke wa mtoto wa kwanza. Samaki mwatiko mzima usiokatwa, mboga za majani marefu za kuombea umri, na supu yake ya kuku na uyoga ambayo watu waliinyamazia kwa utamu. Mwaka una siku nyingi, lakini Pi-lan alikuwa na hiyo moja. Siku hiyo mama mkwe hakusema "Weka hapo." Alikunywa kijiko cha kwanza, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo supu." Pi-lan aliishi kwa sentensi hiyo mwaka mzima. Na sasa inakwenda kwa Su-chin, kwa lifti.

Alijibu, "Sawa, Mama, afadhali." Akavaa sweta, akaenda zake.

Tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Moyo ulimdunda akiwa amekaa kitako, hafanyi lolote. Mikono ilitetemeka hata akamwaga maziwa ya soya kwenye kiatu cha mteja. Wen-liang akambeba kwenye pikipiki mpaka kwa daktari.

Daktari alimpima akamaliza, akavua miwani.

"Mama, moyo wako mzima. Kuna kitu kinakusumbua nyumbani?"

"Hakuna."

"Kazini?"

"Hakuna."

"Mama yako mzazi, alikuwa mtu wa wasiwasi?"

Pi-lan akamkumbuka mama yake, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka sokoni kuhakikisha amezima jiko, anatoka, anarudi tena. "Kidogo," akasema.

"Basi. Nusu ya hawa uliowakuta hapo nje wameshika kifua kama wewe. Nawaambia moyo mzima, wananinunia. Mwingine kazi, mwingine watoto, mwingine wazazi wamezeeka, mwingine anashinda kwenye simu akiangalia maisha ya wenzake." Hapo Pi-lan akaangalia dirisha. "Wasiwasi ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika. Nakupa vidonge, na mwezi ujao urudi tuongee. Lakini tuongee kweli."

Nesi akampa vidonge. Pi-lan akavitia mkobani, akatoka amekasirika. Mgonjwa mwenye moyo mbovu angalau watu humletea mapera.

Mama mkwe alipopata habari alisema, "Daktari anajua nini? Wewe umeshtuka. Nenda kwa Bibi A-Tao ukaitiwe roho."

Kwetu mtu akishtuka vibaya husemwa roho imemruka, na roho ikiruka lazima iitwe irudi. Hulazimiki kwenda mwenyewe. Nguo yako inatosha, mradi umeivaa na jina la mwenye nguo litajwe mbele ya madhabahu bila kukosea, maana roho hufuata jina. Bibi A-Tao hujaza kikombe mchele, akakifunika kwa ile nguo, akakaza, akakizungushia moshi wa udi huku akiita. Akifunua, husoma mashimo kwenye mchele akajua kilichokushtua. Kazi hiyo hufanywa mara tatu, siku tofauti, na kila mara nguo hupigwa muhuri mwekundu ndani ya kola.

Pi-lan akachukua sweta la zambarau, nguo aliyokuwa nayo siku ile mbaya. Hekaluni kwa Bibi A-Tao alikuta foleni mpaka nje ya geti. Alimwona bwana wa benki kakumbatia shati. Alimwona mwalimu wa kucha. Alimwona polisi mwenye sare, na kijana wa kupeleka chakula ambaye hata kofia ya pikipiki hakuivua. Na mbele yake kabisa, na blauzi mkononi, alisimama nesi wa yule daktari.

Wakatazamana.

"Na wewe?" Pi-lan akauliza.

"Ssh," nesi akasema. "Vidonge nameza pia."

Foleni ikasogea. Pi-lan akajikuta anawapima watu kwa macho, nani kaletwa na nini, na akaona uchungu kidogo kwamba hata hapa hakuwa wa pekee. Mwishowe akafika mbele. Bibi A-Tao, mfupi, macho yamefifia, masikio ndiyo yamekwisha kabisa, akapokea sweta.

"Jina la mwenye nguo?"

"Pi-lan. Kichochoro cha nyuma ya soko la samaki. Nimezaliwa mwaka wa Jogoo."

"Pi-lan, Pi-lan," Bibi akanung'unika. "Jina hili limepita mdomoni mwangu juzi juzi."

Wako wengi, Pi-lan akawaza.

Bibi akafunika kikombe, akaita. "Pi-lan wa nyuma ya soko la samaki, rudi nyumbani, usiogope, mlango uko wazi." Akafunua. Akauinamia mchele muda mrefu, pua karibu iguse.

"Hukushtuliwa na mbwa," akasema. "Wala ajali. Umeshtuliwa na mwanamke. Wa humo humo kwenye ukoo. Mkubwa kwako."

"Mama mkwe?"

"Sijasema mzee. Nimesema mkubwa kwako. Mkono wake mzuri jikoni, na wewe unauogopa mkono huo."

Pi-lan akacheka kwa dharau. Mwanamke gani wa ukoo ule alikuwa na mkono mzuri jikoni kumshinda yeye? Bibi huyu amechoka, anasoma mchele wa mtu mwingine.

Bibi akageuza kola apige muhuri. Akasita. "Mbona upo hapa tayari? Si nilisema? Umeshakuja, hii ni mara ya pili."

Pi-lan akainama. Ndani ya kola palikuwa na muhuri mwekundu, umekauka. Yeye hajawahi kuleta nguo hapo maishani mwake.

Ndipo akakumbuka kiti cha jikoni na masweta mawili. Hili si lake. Hili ni la Su-chin! Su-chin mwenye lifti, Su-chin wa maua kibarazani, alikuja hapa na sweta hili kabla ya yeyote kujua, akapanga foleni kama watu, roho juu juu. Na jambo la kwanza Pi-lan alilolisikia moyoni, Mungu amsamehe, halikuwa huruma. Alisikia wivu. Hata katika kushtuka, mwanamke huyu amemtangulia!

Jambo la pili lilikuja polepole. Mkubwa kwako. Mkono wake mzuri jikoni.

"Ulishakuja au hukuja?" Bibi akauliza kwa sauti. "Watu wanasubiri."

Hapo angeweza kusema, Bibi, nimekosea, taja jina la Su-chin. Watu nyuma walikuwa wanasukuma. Na Pi-lan alikuwa amechoka kutolala, na alikuwa amechoka kuwa wa kuambiwa weka hapo.

"Nilishakuja," akasema.

Bibi akapiga muhuri wa pili kando ya wa kwanza.

Nikwambie ukweli, siku hiyo Pi-lan alilala. Alilala kama gogo, Wen-liang akamgusa kuona kama yuko hai. Asubuhi aligeuza chapati akiimba. Si kwa sababu ya mchele tu. Kila alipokumbuka kwamba Su-chin naye anaogopa, tena anamwogopa yeye, kitu kitamu kilimteremka kooni. Mkono wangu! Anauogopa mkono wangu! Aliwapa wateja mayai makubwa makubwa.

Siku mbili tatu baadaye, kibanda kikiwa kimefungwa na Pi-lan anaosha vikaango, Su-chin akatokea na mfuko wa karatasi. Uso ulikuwa umemshuka, chini ya macho pameingia weusi ambao poda haikuweza kuuficha. Pi-lan akauona, akaona pia kwamba ule utamu wa kooni umeanza kugeuka.

"Dada, shikamoo. Tulibadilishana masweta siku ile. Nimekuletea lako."

"Eh! Sikujua," Pi-lan akasema, akajifanya anasugua.

Su-chin akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. "Dada, nina ombi. Chakula cha mkesha kirudi kwako. Nitamwambia Mama nimepata safari ya kazi, nitasema lolote."

Sifongo ikamdondoka Pi-lan. "Kwani vipi?"

"Siwezi kupika supu ile. Nimeipika mara ngapi sijui, majirani zangu wote wameichoka. Kila nikionja namwona Mama anafumba macho, halafu anafumbua, ananitazama. Kila nikienda kwake ananiambia, mwenzio Pi-lan figili anakausha mwenyewe, mwenzio Pi-lan anaamka na giza, mwenzio Pi-lan. Mimi nampelekea mapera ya kununua! Ananipokea kama mgeni. Wewe anakwambia weka hapo, kama mtoto wake wa kumzaa." Akafunika mdomo, lakini safari hii hakuwa anacheka. "Sijalala, dada. Ofisini nafunga mlango nalia, kisha natuma picha ya maua."

Pi-lan akaokota sifongo. Lile alilokuwa analitaka kuliko vyote limeletwa hadi kwenye karo lake, na mikono yake ina povu.

"Mama alinidokeza habari ya mkesha kabla ya siku ya vitufe, nikaanza kwenda kwa Bibi A-Tao," Su-chin akaendelea. "Usiniseme kwa Mama. Mara ya kwanza akanipigia muhuri. Mara ya pili nafika mbele, anageuza kola, muhuri hakuna! Ndipo nikajua nimeshika sweta lako. Watu nyuma wananisukuma, Bibi ananikazania, jina, jina. Basi nikasema lako."

"Ukasema la nani?"

"Lako. Kwani ningesema la nani, dada, na nguo ni yako? Ningekuwa nimekuibia."

Pi-lan akafuta mikono kwenye aproni, akafungua mfuko. Akageuza kola ya sweta lake. Muhuri mwekundu ulikuwepo, mmoja, umenyooka vizuri. Bibi hakuwa amechoka wala nini. Jina lake kweli lilipita mdomoni mwake, na aliyelitia humo ni huyu aliyekaa kwenye kigoda na macho mekundu.

Wivu ukamkaba tena, na huu ulikuwa mbaya kuliko wote. Lifti aliweza kuivumilia, na keki, na vidole gumba vya mama mkwe. Lakini mtu unawezaje kuwa hujalala, unasukumwa, unaulizwa jina, ukataja la mwenzio?

"Lete langu basi nikaendelee," Su-chin akasema. "Zimebaki mbili."

Sweta lilikuwa limekunjwa kwenye rafu, juu ya gunia la soya. Pi-lan alilitoa kwa mikono yote miwili. Su-chin akageuza kola, akakuta mihuri miwili. Akainua macho polepole, yamejaa machozi.

"Dada... na wewe umeniendea?"

Ilikuwa rahisi mno. Kichwa kikiinamishwa kidogo tu kukubali, mambo yamekwisha, na mama mkwe angesikia, na sifa ingekuwa ya wawili. Pi-lan akatazama ule uso uliochoka.

"Nilikwenda," akasema. "Nikasema jina langu."

"Hukujua kuwa si lako."

"Nilijua. Muhuri niliuona. Nikasema nilishakuja."

Pikipiki ikapita kichochoroni, ikaishilia. Su-chin alikuwa anapapasa vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine.

"Na ulilala?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nililala."

"Afadhali mmoja wetu amelala," Su-chin akasema, na hapakuwa na kejeli ndani yake, Pi-lan aliitafuta asiione.

"Acha hizo!" Pi-lan akafoka. "Nitukane basi! Mtu gani wewe usiyejua hata kutukana?" Na machozi yakamtoka kwa hasira. Akavua aproni, akalinyakua lile sweta lenye mihuri miwili. "Simama. Twende."

"Wapi?"

"Kwa Bibi. Na kesho nikupeleke kwa daktari wangu, ana vidonge, tena anauliza maswali mabaya. Na supu utaipika wewe, kwako, mimi nitakufundisha. Uyoga unauloweka tangu jana yake, na maji yake humwagi, umesikia? Yule kizee atafumba macho."

Alipokuwa anasema hivyo roho ilimuuma kama kawaida, maana maji ya uyoga hakuwahi kumwambia mtu.

Foleni ilikuwa mpaka nje ya geti. Walisimama humo wawili, wamevaa makoti, bila kuongea sana. Walipofika mbele Bibi A-Tao akapokea sweta, akalinusa, akatega sikio lake bovu.

"Jina la mwenye nguo?"

"Su-chin," Pi-lan akasema.

"Nani? Sema kwa sauti, mwanangu, sikusikii!"

Pi-lan akavuta pumzi, akalisema tena, kwa ile sauti yake ya kuitia wateja barabarani, mpaka foleni nzima ikageuka.